Analia, Basi Mpe Uji? Maswali na Majibu Kuhusu Kunyonyesha Miezi Sita ya Kwanza

Nafanya kazi kliniki ya mama na mtoto kwenye kituo cha afya mkoani Mbeya. Maswali haya ndiyo tunayoulizwa pale kwenye mzani, mengine kwa sauti, mengine mama akishanisogelea ili mama mkwe asisikie. Sikuyapanga kwa mtiririko wa kitabu. Lile linalotuletea watoto wagonjwa kila wiki nimelipa nafasi kubwa, na nitalirudia bila aibu.

Kunyonyesha maziwa ya mama pekee ni nini hasa?

Ni kwamba tangu mtoto azaliwe hadi atimize miezi 6, kinywani mwake hakiingii kitu kingine zaidi ya maziwa ya mama yake. Si maji, si uji, si glukosi, si maziwa ya ng'ombe, si chai ya rangi, si asali ya kulambishwa. Dawa aliyoandikiwa na mhudumu wa afya, chanjo ya matone na ORS (ile dawa ya pakiti inayochanganywa na maji ili kurudisha maji mwilini) akiugua haviharibu hesabu. Maziwa uliyokamua akanyweshwa kwa kikombe ni yaleyale. Na yale ya kwanza ya njano, dang'a, usiyakamue ukamwaga. Aanze nayo ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa.

Nesi, siku hizi si kila mama ananyonyesha vizuri? Redio inasema tumepanda.

Tumepanda kweli. Tafiti za kitaifa za afya zinaonyesha kwamba mwaka 2004-05 watoto wa chini ya miezi 6 waliokuwa wakinyonya pekee walikuwa asilimia 41. Mwaka 2010 wakawa 50, mwaka 2015-16 wakafika 59, na mwaka 2022 wakafika 64. Ni kazi kubwa, na tunawapongeza akina mama.

Ila hiyo 64 isikudanganye. Haina maana kwamba watoto 64 kati ya 100 wanafika miezi sita bila uji. Mtafiti anamuuliza mama mwenye mtoto wa chini ya miezi 6: jana, mchana na usiku, alipewa nini? Mtoto wa wiki mbili na mtoto wa miezi mitano wote wanahesabiwa pamoja. Ukiwatenganisha kwa umri, sura inabadilika. Katika utafiti wa 2015-16, watoto wa mwezi 0 hadi 1 waliokuwa wakinyonya pekee walikuwa asilimia 84. Wa miezi 2 hadi 3 walikuwa 59. Wa miezi 4 hadi 5 walikuwa 27 tu. Kuanza tunaanza vizuri. Tunaachia njiani.

Kwa Nyanda za Juu Kusini, linaloumiza zaidi ni udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake. Mwaka 2022 wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5. Iringa ilikuwa karibu 57, Njombe na Rukwa karibu 50 kila mmoja. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi! Mahindi ghalani, viazi mpaka vinaoza barabarani lori likikwama. Udumavu hauletwi na jambo moja. Kuna lishe ya mama akiwa mjamzito, kuna chakula baada ya miezi sita, kuna choo na maji. Lakini uji wa mwezi wa pili umo, na huo hauhitaji bajeti ya serikali kuuacha.

Mtoto wangu ana mwezi na nusu. Ananyonya, anaachia, anaanza kulia. Maziwa yangu hayatoshi. Si nimwanzishie uji?

Hapana.

Tuanze na umri wenyewe. Watoto wachanga wote, wa titi na wa kopo, kilio chao huongezeka kuanzia kama wiki ya pili, kinafika juu kabisa karibu na wiki ya 6, kisha kinapungua mpaka miezi 3 au 4. Sasa fuatilia kinachotokea nyumbani. Wiki ya 6 mtoto analia jioni nzima. Bibi anakoroga uji. Wiki chache baadaye kilio kinapungua, na uji ndio unaopewa sifa. Kilio kilikuwa kinaondoka chenyewe, mama. Uji umekuta kazi imekwisha.

Mtoto analia kwa baridi, na huku kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi si ya kusimuliwa. Analia kwa joto la kufunikwa mablanketi matatu na kofia juu. Analia kwa nepi mbichi, kwa usingizi, kwa hewa tumboni, kwa kutaka kubebwa tu. Njaa nayo ipo, sikatai. Lakini njaa ya mtoto wa umri huo inatibiwa kwa titi.

Utajuaje kama yanatosha? Si kwa kubonyeza titi. Baada ya wiki za mwanzo titi hulainika, na titi laini si titi tupu. Wala si kwa kukamua, kwa sababu mtoto anayenyonya vizuri hutoa kuliko mkono wako. Angalia mkojo: kuanzia siku ya 5 au 6 akojoe mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo mweupe. Angalia uzito: wiki ya kwanza hupungua kidogo, akifika wiki 2 awe ameurudia uzito wa kuzaliwa, na baada ya hapo mstari kwenye kadi upande. Mtoto anayekojoa hivyo na mstari wake unapanda ameshiba, hata kama analia mpaka jirani anagonga mlango.

Na kama kweli hayamtoshi? Njoo tukuone ukinyonyesha. Mara nyingi tatizo liko kwenye kushika: mtoto ameshika chuchu peke yake kama anayevuta mrija, shavu limeingia ndani, mama anakunja uso kwa maumivu. Mtoto aliyeshika vizuri mdomo wake uko wazi sana, mdomo wa chini umegeukia nje, kidevu kimegusa titi, na ile sehemu nyeusi imeingia mdomoni kiasi kikubwa. Tumbo lake lilalie tumbo lako. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Amalize titi moja kabla ya kuhamia la pili, maana maziwa ya mwishoni ndiyo yenye mafuta mengi. Dakika kumi za kumrekebisha mama namna ya kushika zimeokoa watoto wengi kuliko unga wowote wa lishe.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Mtoto akipewa uji saa mbili asubuhi, saa nne hataki titi. Mwili unaona maziwa hayahitajiki, unapunguza. Kesho maziwa yamepungua kweli, mama anasema "si niliwaambia?", uji unaongezwa. Hayo maziwa hayakuwa machache. Yamefanywa kuwa machache. Na uji wenyewe, ule mwepesi wa kupita kwenye chupa, mara nyingi hauna hata nusu ya nguvu iliyomo kwenye maziwa ya ujazo uleule. Ni kujaza debe maranda ukadhani umepima mahindi. Tumbo limejaa, mtoto kalala, mwili haujapata kitu.

Hili tunaliona kwenye kadi. Mtoto analetwa chanjo wiki ya 6, ya 10, ya 14, mstari unapanda vizuri, mama anasifiwa. Halafu anapotea. Hakuna sindano, kwa hiyo anaona hakuna kliniki. Anarudi mwezi wa 9 kwa chanjo ya surua, na mstari umelala kama barabara ya Usangu. Ukimuuliza, uji ulianza lini? "Wa miezi mitatu hivi, dokta, alikuwa analialia." Kliniki ni kila mwezi, mama. Hata kama hakuna sindano.

Basi uji mwepesi tu, vijiko viwili, usiku, ili alale?

Hapana. Hata kimoja.

Nimeziona hizo chupa. Chuchu ya plastiki imetobolewa kwa sindano iliyochomwa moto ili uji upite, na kwenye kona za ndani pameganda ukoko wa jana ambao brashi haifiki. Vimelea vya kuhara havitafuti mahali pazuri zaidi ya hapo. Mtoto kuamka usiku kunyonya ndiko kunakoongeza maziwa, kwa sababu homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Lala naye karibu, mpe titi, mrudi usingizini.

Bibi yake amelea watoto saba kwa uji wa mwezi wa pili na wote ni watu wazima leo.

Shikamoo bibi, na hongera. Naomba tu nikuulize kwa heshima: ulizaa saba au ulilea saba? Bibi wengi nikiwauliza hivyo hukaa kimya kidogo, halafu hutaja wawili au watatu ambao "waliharisha tu". Tunahesabu waliobaki. Wale hatuwahesabu.

Na maji je? Ana kiu.

Maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya asilimia 85. Bondeni Kyela kwenye joto yanatosha, Makete kwenye baridi yanatosha. Maji ya uvuguvugu "ya kumpasha tumbo" hayahitajiki. Mpashe kwa kumweka kifuani kwako ngozi kwa ngozi, umfunike.

Ana chango, tumbo linanguruma. Tumempa gripwota na dawa ya mizizi. Pia utosi umebonyea, tumempaka dawa.

Hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha, nisameheni.

Tumbo la mtoto mchanga hunguruma. Anajinyonganyonga akijisaidia, anajamba kama mtu mzima, na mtoto wa titi akishapita wiki sita anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na akawa mzima kabisa. Hilo linaloitwa chango, mara nyingi ni tumbo changa linalojifunza kazi. Weka begani acheue, mpe titi. Gripwota hazihitajiki. Mizizi hatujui kipimo chake, wala maji iliyochemshwa nayo, na ini la mtoto wa wiki tatu si lako.

Utosi kubonyea ni jambo lingine kabisa, na nitalisema mara tatu. Utosi uliobonyea kwa mtoto anayeharisha au kutapika ni dalili kwamba ameishiwa maji mwilini. Si ugonjwa wa utosi. Hautibiwi kwa kupaka kitu kichwani. Tunaletewa watoto wenye majani yaliyotwangwa yamekaukia kichwani, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama, na mama anaeleza kwamba kwa fundi walianza Jumatatu. Leo ni Alhamisi. Dawa ya utosi ipo zahanati, na inapita mdomoni au kwenye mshipa: ORS, zinki, dripu ikibidi.

Usimwache kunyonya kwa sababu anaharisha. Ongeza kunyonyesha, na uwe njiani kuja. Usipite kwanza kwa fundi, usipite kwa anayekata kimeo, usipite kwa anayeng'oa "meno ya plastiki". Hayo meno ni meno yake halisi ambayo hayajatoka. Anayeyachimbua kwa spoku ya baiskeli anamwachia mtoto kidonda na damu juu ya kuhara.

Njoo siku hiyohiyo, hata usiku, ukiona mojawapo ya haya: ameacha kunyonya au ananyonya kwa unyonge, anatapika kila kitu, amelegea au haamki vizuri, degedege, kifua kinaingia ndani anapopumua, pumzi za haraka (kwa mtoto wa chini ya miezi 2, mara 60 au zaidi kwa dakika), mwili wa moto au wa baridi isivyo kawaida, damu kwenye choo. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa si wa kusubiri asubuhi. Si wa kusubiri gulio liishe. Si wa kusubiri baba arudi kutoka msituni kupasua mbao ndipo atoe ruhusa. Ukisubiri ruhusa, unaweza kuja na maiti.

Mimi ni mtu wa shamba. Mvua zikianza siwezi kukaa nyumbani.

Najua, na sitakwambia ukae. Wanaosema "mama apumzike tu" hawajapalilia mahindi Januari.

Mbebe uende naye ikiwezekana, umnyonyeshe kivulini. Ikishindikana, kamua kabla ya kutoka. Nawa mikono kwa sabuni, weka kidole gumba juu na kingine chini nyuma ya ile sehemu nyeusi, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, zungusha. Kamulia kwenye kikombe chenye mfuniko kilichooshwa na kusuuzwa kwa maji yaliyochemka. Kwenye nyumba zetu zenye ubaridi, maziwa hayo hukaa salama kwa muda wa saa 4 bila friji. Kupasha, weka kikombe kwenye bakuli la maji ya moto, usiyachemshe jikoni. Dada au bibi amnyweshe kwa kikombe, taratibu, mtoto akiwa ameinuliwa. Chupa hatuitaki. Ukirudi, titi kwanza, jembe litundikwe baadaye.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya kurudi mwajiri anatakiwa kukupa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Idai. Siku 84 haziwezi kuwa miezi sita, hesabu hiyo kila mtu anaijua. Ndiyo maana kukamua ujifunze kabla likizo haijaisha. Kwa kibarua wa kulipwa kwa siku sheria hii inabaki mbali, na hapo nawageukia akina baba: yeye akinyonyesha, palizi ni yako.

Mama mwenye VVU si heri ampe mtoto uji au maziwa ya ng'ombe?

Hapana, na swali hili kwetu ni zito. Utafiti wa 2022-23 ulikuta maambukizi kwa watu wazima Njombe ni karibu asilimia 13, Iringa 11, Mbeya karibu 10, wakati taifa ni 4.4.

Mama anayemeza ARV (dawa za kufubaza VVU) kila siku bila kuruka, virusi vikiwa vimefubazwa, hatari ya kumwambukiza mtoto kwa maziwa inakuwa ndogo sana. Amnyonyeshe maziwa pekee miezi 6, mtoto apewe dawa yake ya kinga, apimwe kwa tone la damu wiki ya 6, na kunyonyesha kuendelee baada ya hapo kwa ratiba ya kliniki. Kinachoongeza hatari ni kuchanganya. Uji na vyakula vingine huchubua utumbo mchanga wa mtoto, na virusi hupata njia. Mama anayechanganya ili familia isishtuke kwa nini "hampi uji kama wengine" anamweka mtoto mahali pabaya kuliko pote. Kama umebanwa na familia, tuambie sisi. Tuna namna ya kuzungumza na bibi kuhusu uji bila kutaja lolote la siri yako. Tunawakataza wote, kwa hiyo hutajulikana.

Ni kweli baba na mama wakikutana mtoto anabemendwa?

Si kweli. Mbegu haziingii kwenye maziwa. Mtoto anayesinyaa ana njaa, ana maradhi, au vyote. Neno hili linaua kwa njia ya aibu: mama anaogopa kuonekana hakujizuia, anamficha mtoto ndani mpaka miguu inavimba. Mlete. Hatuulizi mambo ya chumbani, isipokuwa kukupangia uzazi wa mpango.

Ulanzi na komoni, kwa kuwa lazima mtu aulize: haviongezi maziwa. Pombe inaingia kwenye maziwa, na mama aliyelewa hamsikii mtoto usiku. Kinachoongeza maziwa ni kunyonywa.

Mimi nilishaanza uji akiwa na miezi mitatu. Sasa ana minne. Nimeshachelewa?

Hujachelewa. Mlete apimwe uzito, usiogope kugombezwa (tutagomba kidogo, halafu tutakusaidia). Kama hali yake si mbaya, unaanza leo kumrudisha: titi kila baada ya saa 2 mchana, usiku akiamka, na kabla ya kila kitu kingine. Uji unapunguzwa ndani ya siku chache huku tukiangalia mkojo na uzito, maziwa yakipanda unaachwa kabisa. Atalia siku za kwanza. Mbebe, zunguka naye, mpe titi jingine. Mama wengi huona maziwa yakiongezeka ndani ya wiki moja, kama mtoto ananyonya kweli na hapewi chupa pembeni.

Uje kila wiki mpaka mstari upande. Akitimiza miezi 6 ndipo uji uje kwa haki yake, mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kumwagika, wenye karanga au maharage yaliyopondwa, parachichi pembeni, na titi liendelee mpaka afikishe miaka 2.